Muziki wa kuimba unaosisimua mwili: ununue upi, na uupime vipi kabla ya kulipa

Mwezi wa Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni, nililipa shilingi 15,000 katika kibanda kimoja cha kurusha nyimbo hapa Moshi, nikajaziwa flashi ya nyimbo za ajabu na za kutisha ambazo zote zina sauti za watu. Kijana wa kibanda alinihakikishia: "Mama, hizi ni ubora wa juu, mjini hapa huzipati kwingine." Nilirudi nazo nyumbani Rau, nikasubiri hadi watoto walale, nikavaa hedifoni na kufungua kipande kirefu cha sauti sita cha mwimbaji Meredith Monk ambacho nilikuwa nimewahi kukisikia kwa rafiki na sijakisahau. Baada ya dakika tano nilivua hedifoni. Hakuna kilichokuwa kimekatwa, na waimbaji walikuwa wale wale, lakini hofu yote ilikuwa imetoweka, na ilinichukua siku mbili kuelewa imekwenda wapi.

Ilikuwa imetolewa kwenye ukimya. Katika nakala ile mtu aliyenong'ona alisikika kwa ukubwa ule ule wa mtu aliyepiga ukelele. Mahali ambapo mwimbaji anapaswa kuzama hadi usikie pumzi yake tu, mtu fulani alikuwa amepandisha sauti. Mahali anapolipuka, ameishusha. Kila kitu kikalala mstari mmoja kama uji uliopoa. Muziki wa kucheza unavumilia jambo hili, na pengine katika daladala yenye kelele linasaidia. Muziki wa kutisha hauvumilii, kwa sababu unachokiogopa katika sauti ya binadamu ni ule umbali: inakuja chini mno, unainamisha kichwa kuitafuta, na ukiwa umeinama hivyo ndipo inapokufikia.

Kwa hiyo mwongozo huu unapima jambo moja, ambalo nitaliita nafasi ya sauti, yaani umbali kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ndani ya wimbo mmoja. Sitazungumzia umaarufu wa msanii, idadi ya nyimbo wala uzuri wa jalada. Wala sitatumia muda mwingi kwa swali ambalo kila muuzaji hulikimbilia, la ukubwa wa faili. Ni kweli kwamba MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 kwa dakika, ya kilobiti 320 huchukua 2.4, na muziki wa CD usiobanwa huchukua kama 10. Na ni kweli kwamba ile ndogo hupoteza mng'ao wa juu, hasa herufi kama "s" na "sh", ambazo katika mnong'ono ndizo karibu kila kitu. Lakini faili kubwa kuliko yote linaweza kuwa limesawazishwa na kuuawa kabla halijafika kwenye flashi yako. CD ina uwezo wa kubeba nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zipatazo 96, na hasara hutokea pale anayeiandaa au anayeinakili asipoitumia.

Kipimo chake ni rahisi, na mnunuzi ana haki ya kukidai. Mwombe muuzaji apige sehemu ya chini kabisa ya wimbo, urekebishe sauti mpaka uisikie vizuri, kisha aruke hadi sehemu ya juu kabisa bila mtu yeyote kugusa kitufe. Kama hukushtuka wala mkono wako haukukimbilia kitufe, usinunue. Mwenye kompyuta anaweza kufungua faili katika programu ya bure ya Audacity na kutazama umbo lake: nakala nzima itaonyesha uzi mwembamba unaovimba na kusinyaa, na nakala iliyoharibiwa itaonyesha kipande kinene kilichonyooka juu na chini kama ubao uliopigwa randa.

Nafasi ya kwanza naipa "Dolmen Music" ya Meredith Monk, iliyotolewa mwaka 1981 na kampuni ya ECM ya Munich, Ujerumani. Sifichi upendeleo wangu kwa ECM. Kampuni hii iliyoanzishwa mwaka 1969 na kuongozwa na Manfred Eicher inaheshimu ukimya kiasi kwamba CD zake huanza na sekunde 5 ambazo hakuna kinachosikika, na msikilizaji anayezijua sekunde hizo hutulia mwenyewe kabla sauti ya kwanza haijaingia. Monk, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942, mara nyingi haimbi maneno. Anaimba silabi, kicheko, kwikwi, sauti ya bibi kizee ambayo bila onyo inakuwa ya mtoto, na kwa kuwa hakuna lugha ya kushika, msikilizaji wa Moshi na wa New York wanabaki sawa mbele yake. Kipande kilichoipa albamu jina kinatokana na dolmeni, yale makaburi ya kale ya mawe makubwa yaliyosimamishwa. Kina waimbaji sita, chelo na vyombo vichache vya kugonga, na kinadumu zaidi ya dakika 20. Nilipopata CD halali niliisikiliza usiku ambao umeme ulikatika, kwa betri ya kompyuta. Kuna sehemu ambapo sauti zilishuka hadi nikasikia matone ya mwisho ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati, na kwa muda nisingeweza kusema tone lipi ni la nje na pumzi ipi ni ya mwimbaji. Katika flashi ya kibandani sehemu hiyo hiyo ilikuwa na nguvu kama tangazo la mnadani.

Ya pili ni "Le Mystère des Voix Bulgares", yaani fumbo la sauti za Bulgaria, rekodi za kwaya za wanawake zilizokusanywa na Mswisi Marcel Cellier na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1975, kisha zikasambazwa na kampuni ya 4AD ya London mwaka 1986. Yeyote aliyekulia katika kwaya za makanisa yetu ataelewa haraka kwa nini zinasisimua. Sisi tumefundishwa kwamba sauti ya pili iachane na ya kwanza kwa nafasi ya kupendeza. Wanawake hawa huimba do na re kwa pamoja, bega kwa bega, bila yeyote kumpisha mwenzake, na sauti zao hutoka kifuani zikiwa wazi kabisa, kama za watu wanaoitana kutoka shamba hadi shamba. Mgongano huo hutoa mtetemo unaosikika kana kwamba kuna mwimbaji wa ziada asiyekuwepo. Hapa pia nakala iliyosawazishwa inaua, kwa sababu mtetemo huo huishi katika mwisho wa sauti, zinapofifia. Jihadhari na mikusanyo mingi yenye majina yanayofanana. Tafuta jina la Cellier kwenye jalada.

Ya tatu nimeiweka hapo kwa uchungu, kwa sababu kwa uimbaji peke yake ingestahili kupigania ya kwanza. Ni "Chibite" ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Sauti yake huanza chini kooni, nzito, yenye mikwaruzo, kisha hupanda hadi juu nyembamba kama filimbi, na wengi wanaomjua kwa ngoma za majukwaani hawajawahi kumsikia alivyo wa kutisha akiwa peke yake na ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Tundu la ilimba huzibwa kwa utando wa buibui, nao ndio unaotoa ule mvumo wa nyuki chini ya kila noti. Katika rekodi nzuri mvumo huo unakaa nyuma, unaujua bila kuusikiliza. Katika nakala iliyopandishwa sauti unakuja mbele na kumfunika mzee mwenyewe.

Uchungu wangu ni huu. Albamu hiyo ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989 na Peter Gabriel huko Uingereza, na naishukuru, kwa sababu imefanya kazi kwa uangalifu mkubwa. Lakini nimezunguka maduka ya Moshi, nimepanda basi hadi Arusha nikauliza kuanzia Soko Kuu hadi Kilombero, na sikupata nakala halali hata moja ya Mtanzania huyu. Nililazimika kulipa kwa dola, kwa kadi, ili muziki wa Dodoma unifikie Kilimanjaro ukipitia Uingereza. Na muuzaji mmoja wa Arusha, aliyeona hamu yangu, alinitolea CD ya kunakili yenye jalada la fotokopi akaitaka shilingi 40,000, akisema, "Dada, vitu vya zamani ni ghali." Nilipomwomba tuipime kwa njia niliyoieleza hapo juu, alisema spika yake ni mbovu. Anayeuza muziki na hana mahali pa kuusikilizisha anauza plastiki, na bei ya plastiki si shilingi 40,000.

Ya nne ni "Officium" ya mwaka 1994, tena ya ECM, ambamo waimbaji wanne wa kiume wa Hilliard Ensemble wanaimba nyimbo za kale za kanisa na Jan Garbarek anapuliza saksafoni juu yao. Ilirekodiwa katika nyumba ya watawa ya St. Gerold, milimani Austria, na mwangwi wa jengo hilo ni kama mwimbaji mwingine. Imeshuka hadi hapa kwa sababu inatuliza zaidi kuliko inavyoogofya. Lakini kwa anayeanza, au anayetaka kumzoesha mzazi wake, inunuliwe kwanza.

Baada ya hizo nne naitaja "The Drift" ya mwimbaji Scott Walker, iliyotolewa na 4AD mwaka 2006, ambayo kwa nafasi ya sauti huenda inazishinda zote. Katika wimbo mmoja mpigaji anagonga kipande cha nyama ya nguruwe kwa ngumi, na katika wimbo wa mwisho, wenye gitaa na sauti tu, kuna "psst" ya mtu anayekuita gizani. Siipendekezi kwa nyumba yenye watoto wadogo, na sina hakika kwamba naipenda, ingawa nimeirudia mara nyingi. "The Marble Index" ya Nico, ya mwaka 1968, ni fupi, dakika zipatazo 30 za sauti nzito ya mwanamke na kinanda cha mvukuto, nayo inafaa kwa asiye na subira ya vipande virefu.

Kwa mwenye fedha kidogo: tangu Novemba 2017 muziki wa ECM unapatikana kwenye huduma za kusikiliza kwa intaneti. Ingia kwenye mipangilio ya programu, zima usawazishaji wa sauti, utumie hedifoni za waya badala ya sabufa, ambayo besi yake humeza sauti za wanawake. Flashi za vibandani sizipendekezi kwa bei yoyote.

Nilirudi kwa yule kijana na CD yangu, nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza akiwa amesimama, akainua mkono kumnyamazisha mteja aliyekuwa anauliza bei ya chaja, na sauti zilipopanda alirudi nyuma hatua moja. Alikiri kwamba faili zake alizitoa kwenye video za mtandaoni na kuzipitisha kwenye programu inayolinganisha sauti, kwa sababu wateja hulalamika wimbo mmoja ukiwa chini kuliko mwingine. Alinirudishia shilingi 10,000. Zile 5,000 zilizobaki alisema ni za flashi, na flashi kweli ninayo.