Miezi minne na app ya kuchora njia kwenye ramani, uzoefu wangu

Mimi nauza keki Sinza, naoka nyumbani alafu natuma kwa bodaboda. Kama umewahi kutuma keki ya bethidei kwa boda unaijua presha yake, dogo akipotea akazungukazunguka na jua la saa nane krimu yote inakuwa uji. Zamani nilikuwa nakaa kwenye simu naelekeza, ukifika Tandale kwa Mtogole ulizia duka la Mangi, nyoosha mpaka kwenye mwembe kata kulia geti jeusi, kumbe mwembe wenyewe ulishakatwa.

Nikaanza na app ya kawaida, ile unaweka unapotoka na unapoenda yenyewe inachora mstari wa bluu. Siku ya kwanza tu mstari ukalala juu ya njia ya mabasi ya mwendokasi pale Morogoro Road, dogo akacheka akaniambia dada hii simu yako inataka nikalale lokapu. Jina la app hiyo siliweki hapa, labda walisharekebisha.

Ninayotumia sasa hivi naichora njia mwenyewe. Unagusa ramani unaweka nukta, unagusa tena, yenyewe inaunganisha. Mwanzoni ilinichanganya kwasababu ina namna mbili, kuna mstari mnyoofu na kuna kufuata barabara, mimi sikujua, nikagusa Sinza nikagusa Tandale, mstari ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo ukavuka Mto Ng'ombe mahali hakuna hata ubao wa kukanyaga. Ukiweka kufuata barabara lazima uchague na chombo pia. Ukichagua gari haiingii uchochoroni kabisa, ukichagua mtembea kwa miguu inakupitisha sehemu ambazo usukani wa pikipiki haupiti. Chagua pikipiki, yaani hapo ndo utaifurahia.

Kilichonishangaza ni vichochoro vya Tandale, vipo vingi mno, mpaka njia ambazo sisi wa jirani tu ndo tunazijua. Kumbe ramani ya chini ni ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu, na Tandale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi waliichora tangu 2011, alafu 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria wakaendelea na kata nyingine za Dar kwa ajili ya mambo ya mafuriko.

Na mafuriko ndo yalinifanya nihamie huku moja kwa moja. App ikijichagulia njia yenyewe inapiga hesabu ya urefu wa barabara na spidi yake basi, na mimi naitumia bila bando kwahiyo maji yakijaa Jangwani haina habari, itakupeleka Kariakoo kwa kupitia humohumo kwenye maji. Masika iliyopita nilikuwa nashika mstari kwa kidole nauvuta mpaka Moroko, unakuja wenyewe kwa barabara ya Ali Hassan Mwinyi mpaka daraja la Salenda, ndefu lakini keki inafika. Ukishaihifadhi mara moja huchori tena, na kwenye kila nukta unaandika maneno, mimi naandika "kwa Mangi, geti jeusi, usipige honi mtoto amelala".

Kutuma ndo kuna shida kidogo. Unatuma faili kwa WhatsApp ila na yeye lazima awe na app hiyo na awe ameshaishusha ramani, ukimtumia skrinshoti anaona picha tu haimuongozi. Mzee anayenipelekea mizigo ya Mbagala ana kitochi, huyo bado namwelekeza kwa mdomo na hajawahi kupotea hata siku moja sijui niseme nini. Chaji nayo inakwenda, GPS ikiwaka na mwanga wa skrini umepandishwa sababu ya jua, dogo anatembea na paawabenki mfukoni. Sauti tumezima, inatamka Shekilango kama mzungu aliyeshuka ndege jana.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimewanyima kwasababu ya kile kitufe cha kufuta, kiko palepale pembeni ya kitufe cha kuhifadhi, na vidole vikiwa na siagi nimeshafuta njia ya Kigamboni mara mbili.