Tahadhari kwa wakazi wa Moshi: wanauza faiba, wanafunga antena

Jamani wa Rau, Soweto na Longuo, kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na reflekta, ngazi na bunda la kebo juu ya bajaji. Wanadai laini za simu za waya wa shaba zinazimwa mwisho wa mwezi, kila nyumba inahamishiwa faiba (intaneti ya waya wa kioo), na boksi la kwenye nguzo lina nafasi nane tu. Ukichelewa, jirani kakuwahi. Bei ni shilingi 180,000 ya kuunganishwa, ilipwe hapohapo.

Mama yangu mdogo alilipa. Neti ikaja kweli siku hiyo, na ndiyo maana wengi hawashtuki. Mvua ikinyesha inakata, na jioni watoto wakirudi shule haifunguki hata video moja.

Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini, kwa hiyo alinipigia. Nikakuta kisahani cha antena nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo huwezi kukiona ukiwa getini. Kutoka kule umeshuka waya wa kawaida wa mtandao, ule wenye nyaya nane za shaba ndani, ukaingizwa kwenye boksi jeupe la faiba sebuleni. Boksi lenyewe ni la faiba kweli, ila hapo linafanya kazi ya kusambaza Wi-Fi tu. Na ile taa yake nyekundu ya LOS, inayowaka pale mwanga wa faiba usipofika, wameizibia selotepu nyeusi! Nilipoibandua ikawa inapepesa kama kawaida.

Antena yenyewe si dhambi. Kuna watu wanaiuza kwa jina lake, kwa bei yake, na inafaa sana kule ambako nguzo za faiba hazijafika. Hapa wizi ni kumtoza mtu bei ya faiba halafu unamgawia neti ya hewani iliyounganishwa nyumba kibao.

Kabla hujatoa hela, waambie wakuonyeshe waya unaoingia kwenye boksi. Faiba ni uzi mwembamba wa kioo, na mara nyingi kichwa chake ni cha plastiki ya kijani. Haibebi umeme. Ukiona ukutani kuna adapta ya pili, kale kadude keusi chenye matundu mawili ya waya wa mtandao, jua kuna kitu juu ya paa kinachopelekewa umeme. Kisha angalia taa: ile ya PON, inayoonyesha faiba imeunganishwa, iwe imetulia, LOS iwe imezima bila msaada wa selotepu. (Ukikuta kichwa cha faiba kimechomolewa usikichungulie, ule mwanga hauonekani na unaumiza macho.) Spidi nayo pimeni kwa kompyuta iliyochomekwa waya, tena saa mbili usiku, maana saa nne asubuhi hata neti mbovu inakimbia.

Lakini 180,000 siyo iliyoniuma zaidi. Vijana hao walimwomba mama mdogo namba ya NIDA na kumwekesha kidole kwenye kimashine, eti ni kusaini mkataba wa faiba. Kidole na namba ya NIDA ndivyo vinavyosajili laini ya simu. Tulipopiga *106# kwenye simu yake tukakuta laini ambazo hajawahi kuzishika. Laini ya namna hiyo ikitumika kutapeli watu, anayetafutwa ni mwenye jina. Kama uliweka kidole kwa hawa watu, piga *106# sasa hivi, na laini usizozitambua nenda ukazikane kwenye duka la mtandao husika, siyo kwa wakala wa mwavuli.

Malipo yao yanaenda kwenye namba ya mtu binafsi, wanayosema ni ya "meneja wa kanda". Ukilipa kwa lipa namba, jina la biashara hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu usiyemjua, ghairi. Risiti yao ni ya kuandikwa kwa mkono, siyo ya mashine ya EFD inayotambulika na TRA. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutoa leseni kwa watoa huduma na hata kwa mafundi wanaofunga vifaa vya mawasiliano, kwa hiyo kuomba kuiona siyo ukorofi. Nilipowauliza mimi, waliniambia ipo Dar.

Na msikubali wawakatie huduma ya zamani au waondoke na modemu yenu kabla mpya haijathibitika. Kama kweli laini yako inazimwa, kampuni unayoilipa kila mwezi ndiyo itakayokuambia. Nenda ofisini kwao uulize.

Meseji zao za kudai "malipo ya mwisho" zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, ni bure, halafu fuateni maelekezo mtakayopewa ili namba yao ijulikane. Mama mdogo ameshafungua jalada polisi. Mpelelezi anataka walalamikaji wengine, kwa hiyo kama walipita kwako usitupe ile risiti ya mkono wala usiruhusu mtu aje kung'oa antena. Ipige picha pamoja na hiyo selotepu, tunza meseji ya muamala, kisha nenda navyo kituoni.