Kutua Sharjah ukienda Dubai: uzoefu wangu

Wakala aliyeniuzia tiketi yangu ya kwanza ya bei nafuu pale Nairobi aliandika "Dubai" kwenye risiti, kisha akanipa karatasi yenye herufi SHJ. Nilipomuuliza akacheka: "Mama, ni Dubai hiyo hiyo." Si Dubai hiyo hiyo. SHJ ni uwanja wa Sharjah, na Sharjah ni ufalme mwingine ndani ya Falme za Kiarabu, una mtawala wake, polisi wake, teksi zake na uwanja wake wa ndege. Tangu wakati huo nimekuwa nikiutumia kwa biashara yangu ya vitambaa na vyombo vya jikoni, na leo hii nikipewa kuchagua, mara nyingi nachagua huo. Ila si kila mara, na sababu zake ziko nje ya uwanja kuliko ndani.

Ndani hakuna la kulalamikia. Air Arabia, shirika lililoanzia hapo mwaka 2003, huruka kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, kwa muda wa kama saa tano, na ukitua unasogeza saa yako mbele kwa saa moja. Jengo la abiria ni moja. Unashuka, unatembea kidogo, pasipoti, mzigo, mlango. Wale waliozoea ule mkubwa wa Dubai wanajua ninachosema: ukitua kwa ndege zinazotumia Terminal 1 unapanda kwanza treni ya ndani ndipo ufike kwenye foleni ya uhamiaji, na hapo miguu tayari imeshaanza kufura. Dubai ilipokea abiria zaidi ya milioni 92 mwaka 2024. Sharjah mwaka huo huo ilipokea zaidi ya milioni 17. Tofauti hiyo unaihisi kwenye magoti kabla hujaisoma popote.

Maduka ni machache, na atakayekwenda kutazama dhahabu na marashi atamaliza mzunguko upesi. Mimi hilo halinihusu, maana bidhaa zangu ziko Deira, mtaa wa biashara wa Dubai. Jambo moja tu mgeni alijue: Sharjah pombe ni marufuku, kwa hiyo yule jamaa aliyekuagiza chupa mwambie atafute mtu mwingine. Na mavazi pia ni ya staha zaidi kuliko Dubai.

Sasa, barabara. Uwanja uko kwenye njia ya kwenda Al Dhaid, nje kidogo ya mji wa Sharjah, karibu na mtaa wa vyuo vikuu. Kwa ramani, Dubai iko pale pale. Kwa saa, inategemea. Watu wengi mno wanaishi Sharjah kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, na kazi zao ziko Dubai. Basi asubuhi mji mzima unahamia upande mmoja, na jioni unarudi. Treni ya kuunganisha miji hiyo miwili hakuna. Metro ya Dubai inaishia Dubai. Ukitua saa kumi na mbili asubuhi ukatoka saa moja, unaingia katikati ya hao watu wote. Nimekaa ndani ya teksi kwenye barabara ya Al Ittihad nikimtazama mama kwenye gari la pembeni akipaka wanja, akamaliza jicho moja, akafunga kikopo, akafungua tena akapaka la pili, na gari lake halijasogea urefu wake. Lakini tiketi ikikushusha usiku wa manane ni kama umepewa nchi nyingine: utafika Deira kabla hujamaliza kumpigia mwenyeji wako simu.

Kwa hiyo kabla sijatazama bei natazama saa ya kutua. Tiketi ya bei rahisi inayotua alfajiri huwa imekula faida yake kwenye mita ya teksi. Mita yenyewe ukiipandia uwanjani haianzi chini, halafu kuna nyongeza ya kuvuka kuingia Dubai, na ukipita kwenye lango la Salik, yaani ushuru wa barabara wa Dubai, pale Al Mamzar, ushuru huo pia ni wako. Asiye na mizigo mingi anaweza kufika kituo cha mabasi cha Al Jubail, mjini Sharjah, akapanda basi la E303 hadi Union, katikati ya Deira, na kutoka hapo metro inampeleka kokote. Ukiwa na begi moja ni raha. Ukiwa na sampuli za sufuria, usijaribu.

Na unakokwenda nako ni muhimu. Deira, Naif, Al Qusais, hizo ni sehemu za Dubai zilizo upande wa Sharjah, na hapo uwanja huu unakufaa kabisa. Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China, vilevile, kwa kuwa unashika barabara ya E311 na hulazimiki kuingia mjini. Lakini mtu anayekwenda Marina au Jebel Ali, yaani upande wa pili kabisa, akinunua tiketi ya Sharjah kwa sababu ya kuokoa shilingi elfu chache, hizo elfu atazilipa barabarani pamoja na riba ya uchovu.

Kuna abiria ambao hawatoki nje kabisa. Hao ndio wengi ninaowaona kwenye ndege ya Nairobi: wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, kila mmoja amekumbatia bahasha ya kaki. Wanabadilisha ndege hapo. Safari moja, binti mmoja, viatu vyake vipya bado vina kikaratasi cha bei kwenye soli, alinigusa mkono. "Mama, samahani, Dammam ndiyo hapa?" Haikuwa hapo. Nikampeleka hadi chini ya ubao wa ratiba za ndege, nikamwonyesha namba ya lango, nikamwambia namba hiyo inaweza kubadilika kwa hiyo aangalie tena. Akaniuliza kama kuna anayesema Kiswahili huko mbele. Kwa abiria kama yeye udogo wa jengo ni msaada mkubwa, kwa sababu hata akipotea hapotei mbali. Angekuwa kwenye uwanja wenye treni ndani, sijui ningemwelekezaje.

Lakini udogo huo unaondoka. Mwaka 2023 abiria walikuwa kama milioni 15, mwaka uliofuata wakapita 17, na njia ya kurukia inayotumika ni moja. Jengo linapanuliwa, na lengo wanalolitaja ni uwezo wa kuhudumia milioni 25 kwa mwaka. Sina ugomvi na maendeleo. Ila sifa yote ya uwanja huu, kwa mtu kama mimi, ni ule mwendo mfupi kutoka mlango wa ndege hadi teksi, na jengo likikua mwendo nao unakua. Na watu milioni 25 watatokea kwenye barabara ile ile.

Wanaodhani huu ni uwanja mpya uliozaliwa kwa mabaki ya Dubai, wajue Sharjah ndiyo ilitangulia. Ndege za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda India, zilianza kutua hapo mwaka 1932, abiria wakilala kwenye ngome iliyojengwa kwa ajili yao. Uwanja wa sasa ulifunguliwa mwaka 1977 na ule wa zamani ukafungwa. Ngome ni makumbusho leo, inaitwa Al Mahatta, na njia ya kurukia imegeuzwa barabara ya King Abdul Aziz, yenye taa za magari na maduka pande zote. Nilipita mara nyingi bila kujua napita kwenye uwanja wa ndege.

Tukija kwenye kurudi, ambako ndiko wafanyabiashara huumia: Air Arabia ni shirika la bei nafuu, kwa hiyo kilo zinanunuliwa. Zinunue mtandaoni mapema, maana kwenye kaunta bei hupanda. Pima mzigo hotelini. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa kila kona ya Naif. Mzigo mkubwa upeleke kwa watu wa kago na wewe ubaki na begi lako. Na kama ndege ni ya usiku, ondoka Deira mapema mchana. Kuanzia saa kumi jioni wale waliokuja asubuhi wanarudi kwao Sharjah, nawe unakwenda njia moja nao, kwa hiyo dereva akikuambia ni dakika 20 tu, mwambie mwanzo mwanzo kwamba unataka kuondoka sasa hivi.