TAHADHARI: Mzee wa adapta za Commodore hapo Kisumu

Aki naandika nikiwa na hasira na aibu zote mbili, mkiona nimekosea herufi nyamazeni tu. Nimekonwa. Mimi, yule mnaniitanga fundi. Elfu nne mia tano imeenda, na nauli ya Nakuru mpaka Kisumu kwenda na kurudi, na nilichopewa ni boksi ya plastiki yenye taa.

Niko na Commodore 64 ya anko, ile kompyuta ya zamani ya miaka ya themanini yenye unachomeka kwa TV. Sasa tangu TV nzito ife sina pahali pa kuichomeka, monita yangu ni HDMI peke yake, na huyu jamaa akaniandikia ati ako na adapta yenyewe ya kutoa picha ya Commodore kwa HDMI, si zile za kubahatisha. (Namba yangu alipewa na mtu mwenye anajijua, na tutaongea.) Nikamwambia hizo vitu mimi sinunui bila kuona zikifanya. Akasema, kuja uone. Sasa niambieni, konmani gani anakuita uje uone?

Nikatoka Nakuru saa kumi na moja asubuhi, Kericho mvua, saa tatu na kitu niko Kisumu. Ni ghorofa ya kwanza, unapita fundi wa simu na kinyozi. Nilitarajia kijana, nikapata mzee wa kama miaka sitini, miwani ya kamba, shati imepigwa pasi. "Omera, kijana wangu, karibu." Akatuma mtoto chai na mandazi. Nikamwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, mimi na adabu zangu. Na anajua kazi! Alinieleza vile Commodore inatoa mwangaza na rangi kwa waya mbili tofauti, luma na kroma, kwa ile plagi ya duara ya pini nane, na ukizichanganya kwa waya moja ya manjano picha inaingia ukungu. Hiyo ni ukweli mtupu. Nakuru nzima sijapata mtu wa kuongea kroma na mimi, na huyu ananiongelesha nikitafuna mandazi.

Mezani kulikuwa na Commodore kama yangu na monita. Akatoa adapta, akachomeka ile plagi ya duara, akaweka USB kwa chaja, taa nyekundu ikawaka kwa boksi. Halafu akainama chini ya meza ati kutafuta soketi, akakaa huko kidogo, akihema hema. Mara monita ikawa nyeusi, ikawa bluu, na hiyo hapo: COMMODORE 64 BASIC V2, 38911 BASIC BYTES FREE, READY, na kile kimraba kikipepesa. Picha imenyooka, haitetemeki hata kidogo. Wueh. Nilikuwa darasa la sita mara ya kwanza kuona hiyo bluu kwa anko, nusura nilie mbele ya mzee wa watu. Nikanyoosha mkono niandike jina langu tu. Akanishika polepole, "Hapana kijana, hivyo vitufe vimekauka, kimoja kikivunjika natoa wapi kingine?" Nikaona ana haki, hata yangu RESTORE imelegea. Nikarudisha mkono. Huu mkono mjinga.

Lipa na M-Pesa yake ati inasumbua, nitume kwa namba. Jina likatokea la mwanamke. "Mama watoto." Nikatuma! Akanifungia ingine mpya kwa gazeti.

Nyumbani taa inawaka vizuri sana. Monita, hakuna kitu. Nikampigia, akasema niipe dakika kumi ipate moto. Nikaipa. Nikapiga tena, sasa ni monita yangu ndo ya kisasa sana. Kesho yake simu imezimwa, nikatuma ujumbe kwa 456 ya Safaricom nirudishiwe pesa, wapi, imeshatolewa.

Nikaipasua na kisu cha jikoni. Hakuna chipu hata moja. Waya za plagi zimechomelewa moja kwa moja kwa HDMI, na USB inalisha taa na rezista, basi. Commodore inatoa analogi, HDMI inataka dijitali, bila chipu ya kubadilisha katikati hapo hakuna picha hata uombe. Na hiyo najua! Nimewaeleza wengine hapa mara ngapi?

Halafu usiku nikakumbuka kitu nikaketi kitandani. Commodore yake, ile taa nyekundu ya pawa iko juu kulia, haikuwa imewaka. Taa nilikuwa naangalia ni ya boksi. Picha ilikuwa inatoka kwa kompyuta ingine huko chini ya meza, emyuleta, yaani programu ya kuiga Commodore, ndo maana ilikuwa safi hivyo. Hata hizi adapta za bei ndogo zenye chipu kweli huwa zinatetemesha hiyo picha, juu Commodore inatuma mistari yote kwa mpigo, mara hamsini kwa sekunde, na chipu ya bei rahisi inadhani imeletewa picha nusu nusu.

Kwa hivyo ukienda kwa mtu kama huyo, andika kitu kwa kibodi wewe mwenyewe, halafu zima Commodore uone kama picha inapotea. Na beba Commodore yako. Mengine mtajijazia, sina nguvu.

Huyu mzee ashikwe. Awekwe ndani na hiyo boksi iwe ndo TV yake, akodolee hiyo taa mpaka arudishe pesa ya kila mtu, na ile chai nitamlipia, sitaki deni lake. Mwenye anajua polisi wa kufuata hii maneno Kisumu aniambie, ujumbe wa M-Pesa ninao na boksi ninayo.

Anko alipiga jana kuuliza kama imewaka. Nikamwambia stima zimepotea.