TAHADHARI: Muuza spea za pampu ya siringi, Mwembe Tayari, Mombasa

Jamani, nimepigwa mchana kweupe na hasira hizi sijui nizipeleke wapi. Pampu yetu ya siringi kule maabara, ile ya kuvuta na kutoa maji kwa vipimo vidogo, visa vyake haviishi, siirudii hadithi. Nilikuwa nasaka vali, ile inayogeuza njia ya maji, na seti ya kusukumia pistoni: skrubu, nati yake na mota. Jamaa akanipigia mwenyewe, ati anavyo vyote, vimetolewa kwenye mashine iliyoshuka na kontena kutoka Uingereza.

Tukakutana Mwembe Tayari, kwenye kibanda cha mtu wa redio aliyemwita rafiki yake. Na sikwenda kichwa kichwa. Mtu anazungumza mikrolita (elfu moja ni mililita moja) na milango ya vali bila kujikwaa, kama aliyezeekea maabara. Akachomeka umeme mbele yangu. Mota ikatoa ule mlio wake wa hatua hatua, pistoni ya siringi ya mililita 5 ikashuka ikavuta maji yote, vali ikageuka, pistoni ikapanda mpaka mwisho, maji yakatokea upande wa pili. Alikuwa ameyatia rangi ya juisi, ati nione vizuri. Nikapitisha kidole chini ya vali. Kukavu! Sasa nani asingelipa hapo? Nikatuma shilingi 18,000. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, akausoma kwa sauti, akanipa mkono: "Mungu akubariki, fundi." Hilo "fundi" ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kufika kazini nikaweka bika juu ya mizani. Mililita 1 ya maji ni kama gramu 1, hilo halihitaji digrii. Siringi nzima ikimwagwa, hesabu inakaribia kukubali. Lakini vuta, kisha agiza mikrolita 50 tu: mota inalia, mizani haitikisiki. Agizo la pili ndipo inatoa. Nati imelika ndani, kwa hivyo kila mota inapogeuza mwelekeo skrubu inazunguka bure kwanza. Mwizi yule alikuwa ameshindilia grisi nzito mle ili mkono usisikie ule ulegevu. Ndiyo maana alinionyesha safari ndefu tu, juu hadi chini! Vali nayo, kiti chake cha tefloni, pale inapokalia ikijifunga, kina mkwaruzo unaounganisha mlango na mlango. Ukivuta polepole huoni kitu. Ukivuta kwa kasi, viputo vinaingia kupitia mlango uliofungwa.

Simu yake? Mteja hapatikani. Mwenye kibanda naye asema hamjui, aliombwa soketi tu. Soketi!

Huyu akamatwe, alale kituo cha polisi Makupa, kisha apelekwe jela ya Shimo la Tewa akahesabu mikrolita huko. Mwizi wa kuku huandamwa na mtaa mzima, na huyu anayeuza uongo unaoingia mpaka kwenye majibu ya vipimo vya watu anakula biriani yake kwa raha. Wallahi haki hakuna.

Dalili, kwa ufupi, maana vidole vinanitetemeka: grisi mpya kwenye kitu kikuukuu, namba ya usajili imekwanguliwa, hataki uivute pistoni kwa mkono wako, risiti "nitakutumia WhatsApp". Akikupigia, mkubalie mkutane, kisha nijulishe mapema. Nitakuja na askari.