Shoka dogo la kambini: usiangalie makali kwanza

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tuko Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na hapa mbele yangu kuna mashoka matatu madogo na rundo la kuni. Ukienda kulala Duluti, Chemka au Ziwa Chala na familia, utataka moto jioni, na kuni utakazonunua njiani mara nyingi ni vipande vya unene wa paja. Hivyo havishiki moto vikiwa vizima. Lazima vichanjwe.

Kama safari yako ni ya kupanda Mlima Kilimanjaro, shoka liache nyumbani. Ndani ya hifadhi moto wa kuni hauruhusiwi, wapishi wanapikia gesi. Na hata kwenye kambi zinazoruhusu moto, uliza mwenyeji kabla hujaokota ukuni wowote. Haya, tuendelee.

Dogo, sogeza kamera. Karibu zaidi, hapa juu. Watazamaji, shoka msiliangalie kwa ubavu, liangalieni kwa juu hivi, kama mnavyoliona sasa. Hili la kushoto ni jembamba kuanzia kwenye makali mpaka nyuma. Hili la katikati linaanza jembamba, halafu linanenepa haraka. Tofauti yote iko hapo. Jembamba linakata nyuzi za mti kwa kuzipitia kati, kwa hiyo ni zuri kwa matawi. Linalonenepa linazisukuma nyuzi pembeni, mpaka gogo linaachia. Mtu akifika dukani kitu cha kwanza anapitisha kidole gumba kwenye makali, anatingisha kichwa, anarudisha shoka. Kaka, makali unanoa nyumbani kwa tupa. Umbo hulibadilishi.

Tuanze na la mhunzi. Hili limefuliwa kutoka springi ya gari. Halina tundu la mpini. Lina mkia uliochomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila ukipiga, mkia unazidi kukaza. Ni ufundi wa zamani sana na una akili, maana chuma hakiwezi kuruka kirahisi kikampata mtu. Uhunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, umejulikana tangu enzi za mikuki, na ukimpata fundi mzuri chuma chake hakina maneno. Nimeweka tawi la mgrevilea hapa. Linakata safi kabisa. Sasa gogo la mgrevilea huo huo... mnaona? Limezama, limenasa. Halijapasua kitu. Ukilitikisa kushoto na kulia ili litoke, unaumiza mpini pale pale ulipotobolewa, na ufa huwa unaanzia hapo. Kwa matawi nalipa alama zote. Kwa kuchanja, hapana.

La pili ni lile la Kichina la duka la vifaa vya ujenzi, limepigwa mhuri wa gramu 600, mpini wa faiba na mpira wa kushikia. Makali yake kutoka dukani yangeponda ndizi badala ya kuikata. Lakini hilo ni jambo la kushughulikia kwa tupa. Nimelinoa jana, na rangi ile nene iliyokuwa inafunika makali nimeikwangua. Gogo lile lile la mgrevilea, tazama. Pa! Vipande viwili. Uzito uko mbele, umbo linasukuma, na mgrevilea una nyuzi zilizonyooka, kwa hiyo hausumbui. Kwa bahati nzuri ndio mti tulionao kila shamba la kahawa huku kwetu.

Ukilinunua hili, usimpelekee fundi mwenye grainda. Grainda inachemsha chuma kwenye ukingo, na ukiona ukingo umegeuka bluu, ugumu umekwenda. Utanoa kila siku na halitashika makali. Tupa ya kawaida, unasukuma kutoka kwako, unaiinua unaporudi, halafu jiwe la kunolea na maji. Tupa hiyo hiyo ni kipimo pia. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitamegeka kwenye fundo. Ikila chuma kama inakula sabuni, makali yatajikunja. Unataka ile inayouma, lakini kwa kubishana.

La tatu ni Fiskars X7, la Ufini, kampuni iliyoanza mwaka 1649. Urefu wake ni kama sentimita 35, uzito wote gramu 640 hivi. Mpini wa plastiki yenye nyuzi umemwagwa kuzunguka chuma chenyewe, kwa hiyo kulegea ni vigumu sana. Ni jepesi mkononi, limetulia, na kwenye gogo linafanya kazi nzuri kuliko ukubwa wake. Ubaya ni kwamba siku mpini ukivunjika huwezi kuchonga mwingine wa mparachichi ukaendelea na safari. Pia si la kulikuta kila duka. Ukiletewa na ndugu kutoka nje, pokea kwa mikono miwili. Kutoa fedha yangu mwenyewe? Kwa safari za hapa hapa nachukua la Kichina na tupa, halafu chenji naongeza kwenye nyama.

Na niseme ukweli ambao wauza mashoka hawataupenda: kama kuni zako ni za unene wa kiwiko, chukua panga. Weka panga juu ya ukuni, gonga mgongo wake kwa kipande cha gogo, imekwisha. Shoka ni la magogo.

Sasa hapa naomba usikivu, wazazi hasa. Watu wanadhani shoka dogo ni salama kuliko kubwa. Ni kinyume chake. Shoka refu ukikosa gogo, linakwenda kugonga ardhi mbele yako. Hili fupi, ukikosa ukiwa umesimama, safari yake inaishia kwenye muundi au goti. Kwa hiyo usisimame. Piga magoti hivi, gogo la kuchanjia liwe mbele, ili shoka likikosa ligonge gogo au ardhi kabla halijakufikia. Na ule mtindo wa kushika ukuni kwa mkono wa kushoto huku ukiurushia shoka kwa mkono wa kulia, ufe leo.

Njia ninayoipenda ni hii. Dogo, vuta hapa. Ukuni nimeulaza, shoka limeegemea kwenye kichwa cha ukuni, makali yakifuata mkondo wa nyuzi. Navishika vyote viwili pamoja, shoka na ukuni, mikono iko mbali na makali. Naviinua pamoja, navishusha pamoja juu ya gogo. Hakuna kulenga, kwa hiyo hakuna kukosa. Ukigonga mara mbili tatu, unafunguka. Ukiona ufa tayari upo kwenye kichwa cha ukuni, anzia hapo. Mti umeshakuonyesha njia. Ukiona fundo, geuza upande mwingine. Fundo halishindwi na shoka la gramu 600, tusidanganyane.

Kuhusu aina ya mti: mkaratusi mbichi unachanjika vizuri, ila ukikauka huku nyuzi zimejisokota, utakutoa jasho. Mgunga una moto mzuri na makaa yanayodumu, mzuri kwa nyama choma, lakini shoka dogo nenda nalo polepole, chukua vibanzi pembeni, usiingie katikati. Na wakati wa masika usikate tamaa ukiona kuni zimelowa kwa nje. Ukuni uliokuwa mkavu kabla ya mvua, ukiuchanja, moyo wake bado mkavu. Chukua huo moyo, uchanje tena mpaka upate vijiti vya unene wa kidole. Hapo ndipo shoka linalipa gharama yake, kuliko kumwagia kuni mafuta ya taa.

Kama lako lina mpini wa mti, nakuomba jambo moja: acha kulilaza kwenye ndoo ya maji. Najua, nyumba nyingi zinafanya. Mti unavimba, shoka linakaza, unafurahi. Ukikauka, nyuzi zilizobanwa zinasinyaa kuliko mwanzo, na sasa limelegea zaidi ya lilivyokuwa. Badala yake, ning'iniza shoka mkononi kichwa kikiwa chini, gonga mwisho wa mpini kwa nyundo ya mti. Utaona chuma kinapanda chenyewe kwenye mpini, kinakaza. Kisha weka kabari mpya pale juu. Mpini upake mafuta ya linsidi, yanauzwa kwenye maduka ya rangi, acha uyanywe usiku kucha.

Wakati wa kununua mpini wa mti, angalia mwisho wake, pale chini unaposhikia. Mistari ya mti ielekee sawa na bapa la shoka, isikate kushoto kwenda kulia. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini huko chini, mwambie ukweli tu.

Na la kubebea: kata kipande cha mpira wa maji, upasue kwa urefu, uvishe makali, funga kwa ukanda wa tairi la baiskeli. Msibebe shoka wazi kwenye bodaboda, jamani, hata kama ni kutoka hapa mpaka Usa River. Wenye kuni za aina nyingine huko kwenu, Same, Karatu, Babati, niandikieni hapo chini zinachanjika vipi. Nina tupa mpya na wikiendi iko wazi.