Kilo 22 za manyoya zikarudi kilo 7.6 za uzi, na bado nawapa nyota 4

Haya, wacha niandike hii rivyu sasa hivi nikiwa nimetulia, kwa sababu ningeiandika siku ile nilipoenda kuchukua mzigo ningewapa nyota moja na matusi juu. Ni karakana ya familia ya kusokota sufu huku Kinangop, mzee na mke wake na vijana wao wawili, wamama wanne wa jirani wanaokuja kusokota, na shosho mmoja ambaye ukiniuliza ndiye injini ya hiyo kazi yote. Jina siweki, kuna malalamiko hapa chini na sitaki kuharibia watu biashara.

Mimi nina kondoo 9, aina ya Corriedale, wale wa sufu, waliochanganyikana na sijui nini, na miaka yote nilikuwa nawanyoa tu juu ya joto na uchafu, manyoya natupa kwa shimo ama nawekea kuku kwa kiota, maana broka akija bei yake haifiki hata pesa ya kumlipa mnyoaji. (Kama unafuga Dorper ama Red Maasai pita tu, hao ni wa nyama, nywele zao si za kusokota.) Sasa mwenzangu kwa chama anafuma masweta akaniambia kuna watu wanachukua manyoya yako mwenyewe wanakurudishia uzi, wewe unalipa kazi tu. Nikajaza magunia mawili, kilo 22, nikaweka kwa pikapu ya jirani nikaenda kifua mbele.

Kifua kilishuka haraka. Wana meza kubwa imetengenezwa na waya kama wa banda la kuku, unamwaga manyoya hapo juu, takataka zinaanguka chini kwa matundu. Shosho akashika gunia langu kabla hata hajafungua akaniuliza, "Mama, hili ni la chakula ya ng'ombe?" Nikasema ndio shosho. Akatingisha kichwa. Kumbe yale magunia ya plastiki yanachambuka, vijiuzi vyake vinaingia ndani ya sufu, havitoki kwa kuosha wala kwa kuchana, na ukija kupaka rangi sufu inashika na plastiki haishiki, sweta inabaki na vidoa vyeupe. Alikaa hapo akivitoa kimoja kimoja na kucha huku akiniambia habari za mvua, hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Halafu rangi. Mimi kondoo wangu huwa naweka alama ya rangi ya mafuta mgongoni wasichanganyike na wa jirani, na mgongo na mabega ndipo manyoya mazuri yalipo, kwa hivyo nilikuwa naharibu nyama nikihifadhi mfupa. Hiyo yote ikakatwa ikatupwa. Zile mbegu za kishona nguo zikatolewa. Ya tumboni na ya makalioni, yale yenye mavi yamekauka kama vijiwe, pembeni. Na mnyoaji wangu naye alikuwa anapitisha makasi mara mbili pale pale, kwa hivyo kulikuwa na vipande vifupi vifupi ambavyo kwa mashine vinajikunja vinakuwa vijidonge kwa uzi. Kilo 4 zikaondoka hapo mezani tu nikiangalia.

Lakini kitu kimoja ndicho kilinifanya niamini hawa watu wanajua kazi yao. Shosho alichukua kishungi kidogo cha manyoya, akakishika huku na huku, akakivuta kwa ghafla karibu na sikio. Kikalia ting, kama uzi wa gitaa. Akachukua cha kondoo mwingine, ting. Cha tatu kikalia kama majani makavu yanakanyagwa, kikakatika katikati hapo hapo. Akaniangalia. "Huyu alizaa mapacha ama aliugua." Aki nilishtuka, kwa sababu alikuwa yule jike wangu mkubwa, alizaa mapacha halafu minyoo ikamshika akanyonyesha akiwa mifupa mitupu, na mimi nikachelewa na dawa karibu mwezi mzima nikisubiri pesa ya maziwa. Unywele wa kondoo unakua kila siku, siku mwili umekosa chakula unywele unakuwa mwembamba mahali hapo, na hapo ndipo utakatikia. Yaani mwezi wangu wa uzembe ulikuwa umeandikwa kwa manyoya na huyu mama mzee anausoma bila miwani. Ya huyo jike akasema haifai uzi, itachanwa tu iwe ya kujaza mito.

Sasa malalamiko. Waliniambia wiki 6. Zilikuwa wiki 11. Mvua ilinyesha sana na wao wanaanika kwa jua, hiyo naelewa, stima pia huku kwetu mnajua wenyewe na mashine ya kuchana inatumia mota. Lakini simu jamani! Napiga haishikwi, natuma meseji naona imesomwa, kimya, wiki ya 9 kijana ananijibu "tuko hapo hapo". Hapo hapo ni wapi? Mtu amekuachia mali yake mwambie tu sufu bado imelowa, atangoja. Nyota moja imeenda hapo na hairudi.

Siku ya kuchukua napimiwa uzi, kilo 7.6, na kamfuko ka sufu ya mito kilo 1.2. Nililipuka. Nilileta 22! Hata ukitoa 4 za mezani ni 18, nyingine zimeenda wapi, mmeuza? Nilisema maneno mengine hapo siyarudii. Mzee wa hapo akaningoja nimalize, hakubishana, akaniambia mama chukua nusu kilo ya manyoya yoyote nyumbani uoshe mwenyewe, ikauke, upime, halafu urudi tuongee. Akanieleza vile wanafanya: maji moto kama digrii 60, kwa sababu mafuta ya kondoo hayayeyuki mpaka ufike karibu 40, ukitumia ya vuguvugu unazungusha uchafu tu. Sabuni ya maji ya vyombo. Sufu iko kwa mfuko wa neti, unaizamisha polepole unaiacha, USIKOROGE, na usiitoe kwa maji moto ukaitia kwa baridi, maana kila unywele una vijigamba, ukisugua vinashikana inakuwa gumu kama kanyagio la mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikafanya, kwa hasira, ili nimkomeshe. Nusu kilo nilipima kwa mizani ya duka la jirani kila mtu akiona. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa iliyozidi majani, ya pili hivyo hivyo, ya nne ndio nikaanza kuona mkono wangu. Siku tatu kwa kamba. Nikapima, gramu 270. Karibu nusu ilikuwa mafuta na jasho na udongo wa Kinangop. Kwa hivyo 18 kuwa 10 baada ya kuosha ni haki kabisa, hapo toa ile ya mito, na mashine ya kuchana nayo inaacha vumbi na vipande vifupi, unafika 7.6. Nikapiga simu kuomba msamaha na wakati huu ilishikwa mara moja, mzee akacheka sana, akasema kila mteja mpya anawaita wezi mara moja.

Bei walinitoza shilingi 1,100 kwa kilo ya uzi uliokwisha na 400 kwa kilo ya mito, jumla 8,840 kwa M-Pesa, risiti wakaandika kwa mkono. Wanapima uzi ukiwa tayari, siyo manyoya ukileta, hiyo nimeipenda, haulipii mavi. Chini ya kilo 5 hawachukui.

Uzi wenyewe sasa. Nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, unene unapanda na kushuka kidogo kwa sababu ni mikono na magurudumu ya kukanyaga na mguu, siyo kiwanda, kama unataka uzi ulionyooka kama wa dukani nenda dukani ununue ule wa plastiki. Rangi ya maziwa, unanuka kondoo kwa mbali ukilowa. Mafungu manne walikuwa wameacha uzi mmoja bila kuunganisha na umesokotwa kupita kiasi, mwenzangu akafuma mbele ya sweta ikapinda upande kama nyumba inaanguka, tukarudisha, wakatufanyia upya bure bila maneno. Mafungu mawili nilipaka rangi mwenyewe na maganda ya vitunguu na shabu ya kushikisha rangi, yametoka rangi kama asali. Mtoto wangu analalamika inawasha shingoni na ni kweli inawasha, Corriedale si laini kama wale kondoo wa Merino, mvalishe shati ndani.

Wanafuga pia wenyewe, karibu kondoo 30 na sungura wa Angora kwa banda la baridi nyuma. Hao sungura ni kama mpira wa pamba wenye macho. Wananyolewa kila miezi mitatu hivi, wakiachwa wanajilamba wanameza manyoya na sungura hawezi kutapika, yanamziba tumbo anakufa. Na manyoya yake peke yake yanateleza mno kusokota, wanachanganya kidogo na ya kondoo. Nilinunua fungu moja dogo la huo mchanganyiko, bei imesimama, lakini nimefuma kofia na asubuhi ya Julai natoa jasho la kichwa nikikamua. Mkienda beba gambuti, ile barabara baada ya soko mvua ikinyesha hata boda anakushusha utembee.

Mwaka huu nimebadilisha vitu. Alama naweka kwa hereni ya sikio, manyoya yamefungwa kwa shuka nzee, mnyoaji nimemsimamia, dawa ya minyoo ilinunuliwa kabla ya mbuzi wa Krismasi na mzee wangu hakufurahi. Jana nikakata kishungi kwa kila mmoja nikavuta karibu na sikio nikiwa nimesimama hapo zizini kama mwendawazimu. Wanane ting. Yule jike mkubwa bado analia majani makavu, ila anakatikia karibu na ncha sasa, siyo katikati.